Pumzi Inayopotea Simuni

Mwombe mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, akutamkie paa la nyumba, halafu akutamkie paa yule mnyama wa porini. Kwenye karatasi maneno haya hayana tofauti. Kinywani mwake yanayo. La kwanza, midomo ikiachana tu irabu imeshaingia. La pili, midomo huachana, ikatoka pumzi kidogo, ndipo irabu ikafuata. Weka kiganja mbele ya mdomo wake, utaihisi. Wanafonetiki huiita hali hiyo mpumuo, na Kimvita kina jozi kadhaa za namna hii: kaa la moto na kaa wa pwani, tembo la mnazi na tembo mwenye mkonga. Kiswahili sanifu hakiuandiki mpumuo, na wengi wetu tuliojifunzia lugha darasani hatuusikii mpaka tuelekezwe.

Pumzi yenyewe kwa kawaida haifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Haina wimbi la kujirudiarudia kwa mpangilio kama irabu. Ni vurumai ya hewa tu, na kwa mashine haitofautiani sana na upepo unaopita dirishani. Nayo simu iliyo mfukoni mwako imeundwa kwa juhudi kubwa ili iondoe upepo.

Siku hizi mwanafunzi wa isimu wa Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar haoni sababu ya kwenda kuazima kinasa sauti idarani, kujaza fomu na kungoja zamu yake. Simu anayo. Wasemaji wake nao wanazo. Anawaomba wamsomee orodha ya maneno, wanamtumia kwa WhatsApp, anayashusha mafaili kwenye kompyuta na kuyafungua kwa Praat, ile programu ya bure ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam ambayo karibu kila mwanafonetiki duniani anaitumia. Tasnifu inaanza kuandikika. Simlaumu hata kidogo. Ila anapaswa kujua kwamba chombo alichokishika kina shabaha yake, na shabaha hiyo ni watu waelewane. Mtafiti wa sauti hatafuti kuelewa. Maneno ameyaandika mwenyewe, maana yake anaijua. Anachotafuta ni yale mabaki ambayo msikilizaji wa kawaida huyapita bila kuyajali, na ndiyo hasa simu huyatupa kwanza.

Zamani koo ndilo lililosafiri. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri, kwa kuwa mitambo ya kurekodi ilikuwa huko. Baadaye mitambo ikaanza kusafiri. Stefan Kudelski, mhandisi aliyeishi Uswisi, alitengeneza kinasa cha kwanza cha Nagra mwaka 1951, na kwa miongo kadhaa vinasa vya namna hiyo, vyenye mikanda na betri na uzito wa kilo kadhaa, vilibebwa na watafiti hadi vijijini. Peter Ladefoged wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, yule yule aliyekuwa mshauri wa fonetiki katika filamu ya My Fair Lady, alijijengea jina kwa kazi ya aina hiyo katika mabara mengi. Mwaka 1993 yeye, Bonny Sands na Ian Maddieson walichapisha maelezo ya sauti za Kihadzabe, lugha ya watu wa kando ya Ziwa Eyasi wanaotumia vidoko kama konsonanti. Watafiti hao walitoka mbali kufuata sauti ambazo wenyewe wenye lugha hawakuwa na namna ya kuzihifadhi. Leo kijana yeyote wa Mang'ola mwenye simu janja anaweza kumrekodi babu yake kabla ya chai ya asubuhi. Katika historia ya fani hii sijui mageuzi makubwa zaidi ya hayo, na ndiyo maana inauma kuona rekodi zinazotokana nayo zikipimwa kana kwamba zimetoka kwenye Nagra.

Tuifuate sauti inavyosafiri ndani ya simu. Maikrofoni yenyewe ni punje ya silikoni, na kusema kweli ni nzuri kuliko tunavyoistahi. Kasoro haianzii hapo. Baada yake linakuja suala la hesabu. Wimbi la hewa huchukuliwa sampuli maelfu ya mara kwa sekunde, na idadi hiyo ndiyo inayoamua masafa gani yataokoka: huwezi kuhifadhi masafa yanayozidi nusu yake. Rekodi ya sampuli 44,100 kwa sekunde hufika juu ya hezi 20,000, mwisho wa sikio la binadamu. Simu ya kupigiana ya kawaida, kwa mapatano ya tangu enzi za waya, hupitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Sasa sauti s, kwa wasemaji wengi, nguvu zake nyingi ziko juu ya hezi 4,000. Zote hubaki nje ya mlango. Ndiyo maana wakala akikuuliza jina lako kwa simu hulazimika kumwambia "S ya sukari" asije akaandika F. Sikio lake halina ubovu. Tofauti yenyewe haikumfikia.

Kisha zinakuja huruma za simu. Ukinong'ona inakupandisha, ukipaza inakushusha, ili anayekusikiliza asisumbuke. Mtafiti wa mkazo wa Kiswahili, anayetaka kujua silabi ya pili kutoka mwisho inazidi nyenzake kwa kiasi gani, amekwisha kuporwa ushahidi kabla hajafungua faili. Kinafuata kichuja kelele, ambacho hukisia kipi ni usemi na kipi si usemi, na kukisia huko kumejengwa kwa usemi wa lugha chache kubwa. Kidoko cha Kihadzabe au cha Kisandawe ni mlio wa ghafla, mfupi, mkali. Kwa kichuja kelele unaweza kufanana na kijiko kilichogonga sahani. Mwisho ni ufinyazi: MP3, AAC, na Opus ambao ndio unaobeba jumbe za sauti za WhatsApp. Kila mmoja hupunguza uzito wa faili kwa kutupa kile ambacho sikio, kwa makadirio ya wahandisi, halitakikosa. Makadirio hayo yalijaribiwa kwa wasikilizaji. Spektrogramu, ile picha ya sauti anayoisoma mwanafonetiki, haikuulizwa.

Hasara hizi hazilingani, na hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Kurekodi ndani ya simu, kwa programu inayohifadhi WAV bila ufinyazi, ni kitu kimoja. Kurekodi mazungumzo yanayopita kwenye mtandao wa simu au mkutano wa video ni kitu kingine kabisa. Mwaka 2004 Catherine Byrne na Paul Foulkes walichapisha matokeo ya kulinganisha usemi uleule ulionaswa moja kwa moja na uliopitia simu ya mkononi. Fomanti ya kwanza ya irabu ilipanda kwa wastani wa asilimia 29. Fomanti, kwa asiyezoea, ni masafa ambayo uwazi wa kinywa huyapa nguvu. Ya kwanza hupanda kadiri kinywa kinavyofunguka, kwa hiyo iko chini kwa i na u, juu kwa a. Mtandao wa simu ukikata sauti za chini, fomanti ya i hukatwa upande mmoja, na kompyuta huisoma iko juu kuliko ilipo. I inaanza kuonekana kama e. Wataalamu hawa walikuwa na wasiwasi wa kimahakama, ambapo sauti ya mtuhumiwa iliyonaswa kituoni hulinganishwa na sauti iliyopiga simu ya vitisho, na kosa la namna hiyo linaweza kumfunga mtu. Kwetu sisi wa isimu halimfungi mtu. Hutoa makala tu, yenye majedwali mazuri, inayotangaza kwamba vijana wa mjini wanafungua irabu zao kuliko wazee.

Na huo mfano wa vijana na wazee nauleta kwa makusudi. Tuseme mtu anataka kulinganisha Kimakunduchi, lahaja ya kusini mwa Unguja, cha wazee na cha vijana. Vijana wanatumia simu mpya, zenye maikrofoni mbili tatu na programu za kisasa. Wazee, wale ambao hawana kiswaswadu, wanatumia simu iliyoachwa na mjukuu, kioo kimepasuka na tundu la maikrofoni limejaa vumbi la unga. Matokeo yanakuja: s ya vijana ni kali zaidi, irabu zao zimekaa pengine. Takwimu zinathibitisha, tofauti ni ya kweli na haikutokana na bahati. Kilichopimwa ni bei ya simu. Kwa maoni yangu hili ndilo shimo kubwa kuliko yote, kubwa kuliko jogoo, kuliko mvua kwenye bati, kuliko mwadhini aliyeingia katikati ya sentensi. Jogoo anajitangaza, unamsikia, unakata, unamwomba bibi arudie. Simu inapokosea hairudishi hata mwangwi wa kosa lake. Rekodi inasikika safi, tena safi kuliko ya kinasa cha idarani, na usafi huo ndio unaopaswa kututia shaka.

Janga la korona la mwaka 2020 liliwafunza watafiti wengi jambo hili kwa lazima. Maabara zilifungwa, wasemaji wakabaki nyumbani, na kila mtu akageukia simu na programu za mikutano. Mwaka 2021 Chelsea Sanker, Claire Bowern na wenzao walichapisha katika jarida la Language ulinganisho wa vifaa na programu hizo, wakaupa kichwa cha utani unaoonya watu wasijaribu nyumbani. Walichokuta kinamfaa mwanafunzi wetu aliye na haraka. Kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, kilivumilia vizuri kuliko vipimo vingine. Fomanti ziliyumba. Vipimo vya mivumo ya sauti kama s na sh viliharibika sana, hasa palipokuwa na programu za kuwasiliana katikati.

Hilo la kidatu ni habari njema kwa upande wetu wa dunia kuliko wanavyojua wenyewe waliolipima. Kiswahili hakina toni, lakini kimezungukwa na lugha za Kibantu zinazotofautisha maneno au nyakati za vitenzi kwa toni, yaani kwa kidatu: Kihaya, Kichaga, Gikuyu, Kinyarwanda na nyingine nyingi. Kwa nyingi kati ya hizo toni ndiyo sehemu ambayo maandishi huiacha na wataalamu hubishania. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya msingi wa Bukoba mwenye simu ya kawaida, akikaa chumbani na mama yake jioni na kumwomba aseme kila kitenzi mara tatu, anaweza kutoa data ya toni ya Kihaya ambayo mtafiti yeyote angeipokea kwa mikono miwili. Akitaka kupima s ya Kihaya, atafute maikrofoni nyingine. Akitaka kupima mpumuo wa Kimvita, awe macho. Simu inafaa kwa jambo fulani na haifai kwa jambo fulani, na mtu anayeuliza kwa jumla kama simu inafaa hajaanza kuuliza.

Kuna watu walioifikiria simu kwa namna ya ndani zaidi kuliko kuigeuza kinasa cha bei rahisi. Steven Bird na wenzake walitengeneza programu iitwayo Aikuma, ambayo baada ya kumrekodi mzee humpa msikilizaji nafasi ya kuyarudia maneno yale polepole, kipande kwa kipande, kisha kuyatafsiri kwa mdomo. Tawi lake, LIG-Aikuma, lilitumika Kongo-Brazzaville kukusanya Kimboshi, ambacho ni ndugu wa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu. Nakipenda kitendo kile cha kurudia. Mzee husema haraka, meno machache, anakohoa. Mjukuu anarudia neno kwa neno kama anavyolisikia. Mtafiti atakayekuja miaka 50 baadaye atakuwa na sauti ya mzee na pia sikio la mtu wa kwao. Nagra haikuweza hivyo.

Upande mwingine upo mradi wa Common Voice wa Mozilla, ulioanza mwaka 2017, ambako watu wa kujitolea husoma sentensi kwa simu au kompyuta ili kuzifundisha mashine kutambua usemi. Kinyarwanda kimekusanya huko zaidi ya saa 2,000, jambo ambalo lugha nyingi za Ulaya hazijalifikia, na Kiswahili kimo pia. Ni hazina kubwa kwa kazi yake. Ila sauti ya mtu anayesoma sentensi ya mgeni haifanani na sauti yake anaponunua samaki, na mafaili yale yamefinywa. Atakayetaka kupima pumzi ya p humo atakuwa anapima kazi ya MP3 pia.

Kuhusu usomaji na usemi, simu ina faida moja ambayo vitabu vya mbinu za utafiti havijaipa haki yake. William Labov aliueleza utata wa mtafiti: anataka kusikia watu wanavyosema wasipotazamwa, na hawezi kusikia bila kuwatazama. Kinasa chenye taa nyekundu juu ya meza kilimfanya mtu ajikohoze na kusema Kiswahili cha redioni. Simu haimshtui mtu. Bibi wa Wete anayemtumia mwanawe wa Muscat ujumbe wa sauti wa dakika nne, ukianza na salamu za jamaa wote, ukipitia bei ya dagaa na kumalizikia kwenye dua, hahitaji kufundishwa kusema kawaida mbele ya kifaa. Anakiona kifaa ni mwanawe. Kipemba chake humo ni Kipemba hasa, na kila ujumbe unakaa kwenye simu ya mtu aliye ng'ambo, umefinywa kwa Opus, mpaka siku simu itakapoibiwa au kujaa.

Hapo linaibuka lingine. Jumbe hizo zina majina ya watu, maradhi, madeni, ndoa zinazoyumba. Mtafiti anapomwomba mtu rekodi za simu anaingia sehemu ambayo kinasa hakikuwahi kuingia, tena na jirani anayepiga soga nyuma hajaombwa ridhaa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote zinamgusa mtafiti mwenye sauti ya mtu kwenye kompyuta yake. Zamani tulihesabu kwamba ukifuta jina umemficha mtu. Leo sauti yenyewe ni jina, na mashine inaweza kuiiga kutoka kwenye sampuli fupi na kumfanya mwenyewe aombe pesa kwa wanawe. Ridhaa ya kusaini karatasi moja ya kurasa tatu kwa Kiingereza, mbele ya mtu asiyesoma Kiingereza, haitoshi. Anapaswa kuambiwa kwa lugha yake faili litakaa wapi, nani atalisikia, na akibadili mawazo ampigie nani.

Nikiwa msimamizi wa tasnifu ya fonetiki ningeuliza mambo machache kabla ya kusoma sura ya matokeo. Simu ipi, ya mwaka gani, programu ipi, na je, wasemaji wote walitumia hiyohiyo? Kama simu ni tofauti, kuna msemaji mmoja aliyerekodiwa kwa zote ili tujue zinatofautianaje? Kichuja kelele kilizimwa? Simu iliwekwa wapi: mezani, ambako kila kikombe kinachotua kinarekodiwa, au juu ya khanga iliyokunjwa, shibiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, pumzi isiigonge maikrofoni moja kwa moja? Feni ilikuwa inazunguka? Ziko wapi sekunde 10 za kimya za mwanzo, zinazoonyesha chumba kina kelele kiasi gani hata kabla ya mtu kufungua kinywa? Maswali hayo hayahitaji fedha. Simu ileile ya mwanafunzi, maswali hayo yakijibiwa vizuri, inatosha kwa nusu ya kazi za fonetiki zinazongoja kufanywa katika Afrika Mashariki, na Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009 inaonyesha zinazongoja ni nyingi: lugha zaidi ya 100, na nyingi kati yake hazina hata saa moja ya sauti iliyohifadhiwa vizuri mahali ambapo mwenye lugha anaweza kuifikia.

Basi wewe msomaji mwenye bibi Makunduchi, Pate au Tumbatu, mrekodi mwezi huu. Mwombe ridhaa kwanza, kwa maneno atakayoyaelewa. Weka simu kwenye hali ya ndege isije ikalia katikati ya hadithi, tafuta programu inayohifadhi WAV, andika kando jina la simu na tarehe. Na ukilituma faili kwa WhatsApp, litume kama waraka. Likienda kama ujumbe wa sauti, litafika limepungua.